Chagua kipanya kinachokaa mkononi mwako

Je, mpenzi msomaji, umewahi kumwona mtu akiingia katika duka la viatu, akachukua jozi ya kwanza iliyo mbele yake, akalipa na kwenda zake bila kuvijaribu? Bila shaka hujamwona. Hata mtoto mdogo anajua kwamba kiatu kinachobana hutoa malengelenge na kiatu kikubwa humwangusha mtu njiani. Lakini mtu huyo huyo anayekagua viatu kwa makini huingia duka la kompyuta, akanyoosha kidole kwa kipanya chochote kilichotundikwa ukutani, akauliza bei na kulipa. Kisha hurudi nyumbani kukishika kipanya hicho saa tatu, nne au nane kila siku, mwaka nenda mwaka rudi.

Kipanya, au maus kama wengi wetu tunavyoiita, ni kifaa kidogo na cha bei nafuu miongoni mwa vifaa vya kompyuta. Pengine ndiyo sababu hatukijali. Twaweza kukesha tukilinganisha kompyuta hii na ile, lakini kipanya tunapewa tu na mwenye duka, au tunarithi kile kilichoachwa na kaka aliyeenda chuoni. Halafu tunashangaa kwa nini kifundo cha mkono kinauma, gumba limekaza, vidole vinakufa ganzi na bega la kulia limekuwa zito kama lililobeba gunia la mahindi. Mmoja hulaumu baridi, mwingine hulaumu mto aliolalia.

Makala haya ni ya kukusaidia wewe mzazi, mwanafunzi au mfanyakazi wa ofisini kuchagua kipanya ambacho hakitakuumiza. Na ili tuelewane vyema, hebu kwanza twende Tabaka, mahali ambapo watu wanaishi kwa mikono yao.

SOMO KUTOKA TABAKA

Tabaka ni mji mdogo katika Kaunti ya Kisii, upande wa Mugirango Kusini, ukiiacha barabara kuu itokayo Kisii kuelekea Migori. Jina lake limefika mbali kwa sababu ya mawe ya sabuni. Ukiona bakuli la mawe lenye maua, sahani, kiboko mdogo wa mezani au seti ya mchezo wa chesi katika duka la vinyago jijini Nairobi au Mombasa, kuna uwezekano mkubwa jiwe lake lilitoka huko. Kazi za mchongaji Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka, zimefika hadi makao makuu ya shirika la UNESCO mjini Paris.

Jiwe hili limepewa jina la sabuni kwa kuwa ni laini na huteleza mkononi. Kisu cha kawaida hulikata. Hata hivyo ni zito, na kazi yake ni ya mikono tangu mwanzo hadi mwisho. Wanaume hulichimba kwa sururu na mitaimbo. Mchongaji hulipunguza kwa panga mpaka umbo lianze kuonekana, kisha huchukua kisu kidogo kutoa macho, masikio na manyoya. Baada ya hapo kazi huenda kwa wasuguaji, wengi wao wakiwa wanawake, ambao hukaa na beseni la maji wakisugua kwa msasa, kuanzia ule wenye chembe kubwa hadi ule laini kabisa. Mwisho huja nta na kitambaa cha kung'arishia.

Sasa lizingatie jambo moja. Hakuna mchongaji anayetoa jicho la ndege kwa panga lile lile alilopunguzia jiwe. Kila hatua ina chombo chake, na kila chombo kina namna yake ya kushikwa. Mtu ambaye mkono wake ndio shamba lake hawezi kukichukua chombo kwa kutazama rangi ya mpini. Anakishika kwanza, anakipima uzito, anaangalia kama kinamtii. Kisipomtii, anatafuta kingine.

Siku hizi mikono ya Tabaka, kama ya kwingineko nchini, inashika vyombo viwili. Kijana aliyesugua mawe asubuhi huenda jioni akawa mbele ya kompyuta akimpelekea mnunuzi wa ng'ambo picha za vinyago, akijaza fomu za mkopo wa HELB, au akitafuta kazi za mtandaoni kama zile ambazo serikali imezihimiza kupitia mpango wa Ajira Digital ulioanza mwaka 2016. Dada yake huenda ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013, na kazi zake zote za masomo zinaandikwa kwa kompyuta.

Kwa kijana kama huyo hesabu ni rahisi. Mkono ulioumia kwa kipanya jioni ndio utakaoshindwa kushika kisu kesho yake. Nawe wa Buruburu, Likoni au Nakuru ambaye hujawahi kushika jiwe la sabuni, usijidanganye kuwa hayakuhusu. Mkono huo wako ndio unaofanya mtihani, ndio unaosonga ugali, ndio unaombeba mtoto. Hauna wa akiba.

KILIANZA KAMA KIPANDE CHA MTI

Huenda itakushangaza kusikia kwamba hata kipanya chenyewe kilianza kwa kuchongwa. Mwaka 1964, katika taasisi ya utafiti ya Stanford kule California, Marekani, mhandisi Douglas Engelbart na mwenzake Bill English walitengeneza kipanya cha kwanza. Kilikuwa kipande cha mti kilichotobolewa ndani, chenye magurudumu mawili ya chuma chini na kitufe kimoja juu. Gurudumu moja lilipima mwendo wa kwenda mbele na nyuma, la pili mwendo wa kulia na kushoto. Waya uliochomoza ulifanana na mkia, na hivyo jina la mnyama yule mdogo likashika.

Tarehe 9 Desemba 1968 Engelbart alikionyesha mbele ya wataalamu mjini San Francisco. Ilipita zaidi ya miaka kumi kabla ya kampuni kama Xerox, mwaka 1981, na Apple, mwaka 1983 na 1984, kuuza kompyuta zinazoendeshwa kwa kipanya. Kwa miaka mingi vilivyotumika sana vilikuwa vile vyenye gololi tumboni, ambavyo wasomaji wa umri wangu watavikumbuka kwa jinsi vilivyokula vumbi na kukwama. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 gololi ilianza kuondoka na mwanga ukachukua nafasi yake.

Kwa nini nakusimulia haya? Kwa sababu kipanya kile cha kwanza kilikuwa sanduku. Umbo lake lilifuata magurudumu yaliyopaswa kukaa ndani kuliko kiganja kilichopaswa kukaa juu. Mpaka leo baadhi ya vipanya vya bei ya chini, na hasa vile vyembamba vya kutilia mfukoni, vimeundwa vipendeze kifurushini au vitoshee katika begi. Mwenye kiganja ni wewe, na kazi ya kuuliza kama vinatoshea mkononi imeachiwa wewe.

NDANI YA KIFUNDO CHA MKONO

Hebu simama kidogo, msomaji, ulegeze mkono wako uning'inie kando ya mwili. Angalia: kiganja kimeelekea paja na gumba limetazama mbele. Hivyo ndivyo mkono unavyopumzika. Sasa kaa mezani na ulaze kiganja kifudifudi kama unayeshika kipanya cha kawaida. Utahisi kigasha, yaani sehemu ya mkono kutoka kisugudi hadi kiganja, kimezunguka. Mifupa miwili iliyo ndani yake imepishana. Hakuna ubaya kukaa hivyo kwa dakika tano. Ubaya huja kwa kukaa hivyo siku nzima bila kubadili.

Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba iliyozungukwa na mifupa upande mmoja na utando mgumu upande wa pili. Ndani yake hupita kano tisa zinazokunja vidole, pamoja na neva moja inayohudumia gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Unapokunja kifundo kwenda juu, nafasi hiyo hubanwa. Neva ikibanwa muda mrefu, vidole hivyo hufa ganzi, mara nyingi usiku.

Lakini tusimtwike kipanya lawama zote. Uchunguzi uliofanywa nchini Denmark kwa wafanyakazi karibu 7,000 na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kompyuta kwa jumla si chanzo kikubwa cha ugonjwa huo wa neva. Hatari iliyoonekana ilihusu wale walioshika kipanya zaidi ya saa 20 kwa wiki. Ugonjwa huo huwapata pia wajawazito, wenye kisukari, na wale wanaofanya kazi za kutumia nguvu nyingi za mkono au vyombo vinavyotetemeka. Kwa wengi wetu tatizo la kipanya huwa ni uchovu wa misuli na kano za kigasha, bega na shingo. Uchovu huo huanza taratibu, na ukipuuzwa hukaa.

PIMA MKONO WAKO

Hatua ya kwanza ni kujua ukubwa wa mkono wako. Chukua rula, unyooshe kiganja na upime kutoka kwenye mstari wa kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Ukipata chini ya sentimita 17, mkono wako ni mdogo. Kati ya 17 na 20 ni wa wastani. Zaidi ya 20 ni mkubwa. Kanuni ya kukadiria inayotumiwa na wengi ni kwamba urefu wa kipanya uwe karibu asilimia 60 ya urefu huo. Mwenye mkono wa sentimita 18, basi, aanzie kwa kipanya cha takribani sentimita 11. Ni makadirio tu, lakini yatakuepusha na kile kidogo kama kibiriti.

Ikiwa huna imani na namba, tumia sabuni. Kata kipande cha mche wa sabuni ya kufulia, chenye urefu na upana kama wa kipanya, ukiweke mezani na kukishika. Kikiwa kikubwa mno, punguza pembe kwa kisu mpaka mkono uridhike. Huo ni uchongaji wa Tabaka bila gharama ya jiwe. Baada ya dakika chache utajua kama mkono wako unataka mgongo ulioinuka au wa bapa, mpana au mwembamba. Pima sabuni hiyo kwa rula, uandike vipimo, uende navyo dukani. Sabuni yenyewe itafulia nguo.

UNAKISHIKAJE?

Watu hushika kipanya kwa namna tatu. Wa kwanza hulaza kiganja chote juu yake, vidole vikanyooka. Hawa wanahitaji kipanya kirefu chenye mgongo ulioinuka ili kiganja kipate mahali pa kuegemea. Wa pili hugusa sehemu ya nyuma kwa kiganja na kukunja vidole kama makucha ya kuku. Kwao kipanya kifupi kidogo kinafaa. Wa tatu hukishika kwa ncha za vidole pekee, kiganja kikiwa hewani, na wao hupenda kilicho kidogo na chepesi.

Hakuna namna iliyo haramu. Hata hivyo, kwa kazi ndefu ya kuandika na kusoma, namna ya kwanza huchosha vidole kidogo zaidi, kwa kuwa mkono hauhitaji kukibana. Kipanya kilicho kidogo kuliko mkono humlazimisha mtu kukifinya kwa gumba na kidole cha mwisho, naye hafahamu kuwa amefinya mpaka jioni gumba linapogoma.

AINA ZILIZOPO MADUKANI

Kuna kipanya cha kawaida chenye pande mbili zinazofanana. Hiki hufaa mkono wowote na ndicho kinachofaa pale kompyuta moja inapotumiwa na nyumba nzima. Kipo kilichopindwa kufuata mkono wa kulia, chenye mahali pa kulaza gumba. Hiki hustarehesha zaidi, ila mtu wa mkono wa kushoto atakiona adhabu.

Kipo pia kipanya cha wima. Unakishika kama unayemsalimia mtu kwa mkono, gumba likiwa juu, na kigasha hakizunguki sana. Wengi waliochoka kigasha hukisifu. Lakini ujue kwamba siku za kwanza mshale utakutoroka kwenye skrini, na kazi za umakini kama kuchora zitakwenda polepole mpaka uzoee. Cha mwisho ni kile chenye tufe juu. Chenyewe hakisogei, bali unaviringisha tufe kwa gumba au vidole. Ni kizuri penye meza ndogo na kwa mwenye maumivu ya bega, ingawa kile cha gumba kinaweza kulichosha gumba lenyewe.

Kuhusu waya, fikiria kazi yako. Kisicho na waya hakivutwi na kitu, lakini kina betri ambayo huongeza uzito na huisha usiku wa kukabidhi kazi ya mwalimu. Chenye waya ni chepesi na hakihitaji betri, bali uuache waya uwe na ulegevu usijivute kwenye ukingo wa meza. Vipanya vingi vya kawaida huwa na uzito wa gramu 80 hadi 120 hivi. Kwa anayekisogeza siku nzima, tofauti hiyo huhisiwa.

UKIFIKA DUKANI

Iwe ni Luthuli Avenue jijini Nairobi au duka dogo mjini Kisii, usione haya kuomba kifungue kifurushi. Mwuzaji muungwana atakubali, kwa sababu hata yeye hapendi mteja arudi amekunja uso. Kiweke kipanya juu ya kaunta, kilaze mkono, kisha ujiulize maswali haya. Je, kifundo changu kimenyooka au kimekunjwa kwenda juu? Je, kidole cha mwisho kina mahali pa kukaa au kinaburuta kauntani? Je, vitufe vinabonyezeka kwa urahisi? Je, gurudumu la katikati linazunguka bila kidole kunyooshwa mno? Je, gumba linatulia au linafinya?

Kishike angalau dakika mbili huku ukizungumza na mwuzaji. Ukijikuta umeanza kukishika upya kila mara, mkono umekwisha kukujibu. Usidanganywe na taa za rangi wala vitufe kumi na viwili pembeni, maana vitufe hivyo vimekusudiwa wachezaji wa michezo ya kompyuta. Wala usifikiri bei kubwa ndiyo starehe. Kipanya cha bei ya wastani kinachotoshea mkono wako ni bora kuliko cha bei ghali kilichotengenezewa mkono wa mtu mwingine.

MEZA NAYO INA NENO

Kipanya kizuri juu ya meza mbaya ni kama kisu kikali mikononi mwa mtu aliyekaa vibaya. Bega lishuke, kisugudi kikae karibu na mbavu kikiwa kimekunjwa kama pembe mraba, na meza iwe karibu kimo cha kisugudi hicho. Meza nyingi za kulia chakula ni ndefu kwa kazi hii, hasa kwa watoto. Mpe mtoto mto wa kukalia na kibao cha kukanyagia.

Aidha, kiweke kipanya karibu kabisa na kibodi. Kibodi zenye namba upande wa kulia hukisukuma mbali, na mkono hubaki umenyooshwa kama wa mtu anayefukuza kuku. Ikiwa hutumii namba hizo, tafuta kibodi fupi. Sogeza kipanya kwa kigasha chote, bila kukisukasuka kwa kifundo peke yake. Kile kijito laini cha kuwekea kifundo ni cha kupumzikia wakati umesimamisha kazi, kwani kukigandamiza huku unasogeza mkono huongeza mbano pale pale tusipoutaka.

Usisahau kompyuta yenyewe. Katika sehemu ya mipangilio unaweza kubadili kasi ya mshale. Ikiwa unakiinua kipanya mara tatu ili mshale uvuke skrini, ongeza kasi. Ikiwa mshale unapita kila unachokilenga, ipunguze. Jifunze pia kutumia kibodi: Ctrl na C kunakili, Ctrl na V kubandika, Alt na Tab kuhama kutoka kazi moja hadi nyingine. Kila njia ya mkato ni safari moja ambayo mkono umeokolewa.

Kwa wale wa sehemu zenye vumbi, kama nyumba za wachongaji, pangusa mara kwa mara tundu la mwanga lililo chini ya kipanya kwa kitambaa kikavu na laini. Mshale unaorukaruka humfanya mtu akaze mkono pasipo sababu. Na usikitumie juu ya kioo kitupu, kwa kuwa vipanya vingi vya mwanga havioni hapo. Gazeti kuukuu au kipande cha kadibodi kitafaa kuliko kioo.

WATOTO NA WA MKONO WA KUSHOTO

Katika nyumba nyingi kuna kompyuta moja na kipanya kimoja kilichonunuliwa kwa kipimo cha baba. Mtoto wa miaka tisa hukishika kwa mikono miwili au hufikia kitufe kwa kujinyoosha. Kwa familia yenye watoto, kipanya kidogo cha pili ni gharama ndogo kuliko unavyodhani, na hubadilishwa kwa kuchomeka tu. Kwa mwanafunzi wa chuo mwenye kipakatalishi, kipanya cha nje humwepusha na kujikunja siku nzima juu ya kibao cha kugusa.

Kisha kuna wale wanaotumia mkono wa kushoto, ambao ni karibu mtu mmoja katika kila kumi. Tumezoea kuwakemea watoto hawa mezani na darasani. Tafadhali usiendeleze jambo hilo kwenye kompyuta. Mnunulie kipanya cha pande zinazofanana, kiweke kushoto, na katika mipangilio ubadilishe vitufe ili cha kulia kifanye kazi ya kushoto. Ni kazi ya dakika moja. Hata wa mkono wa kulia anayeumwa anaweza kujifunza kutumia kushoto kwa kazi nyepesi, ili mkono mmoja upumzike mwingine ukifanya kazi.

USINGOJE MKONO UGOME

Mwishowe, msomaji, ifahamu mipaka ya kipanya. Hakuna kipanya kilicho dawa. Hata kile bora kabisa kitakuumiza ukikishika saa sita bila kunyanyuka. Kila baada ya nusu saa hivi, kiachilie, nyoosha vidole, zungusha mabega, nenda ukanywe maji. Dakika moja inatosha.

Ikiwa vidole vinakufa ganzi usiku na kukuamsha, ikiwa unaangusha vikombe, au ikiwa maumivu yamepita wiki mbili licha ya kupumzika, muone daktari. Usijipakie mafuta ya kuchua miezi sita ukitumaini yatapita. Neva iliyobanwa muda mrefu inaweza kudhoofisha misuli ya gumba, na gumba likidhoofika, hakuna kalamu, hakuna mwiko, hakuna kisu. Mweleze daktari kazi zako zote za mkono, ile ya kompyuta na ile ya jembe, msasa au cherehani, maana mwili hujumlisha zote pamoja.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huanza na ganzi kidogo unayoipuuza. Basi safari yako ijayo ya dukani, ziache rangi na taa zing'ae ukutani. Beba vipimo vyako, laza mkono wako juu ya kipanya, na ununue kile ambacho baada ya dakika mbili utakuwa umesahau kuwa umekishika.